Ng'ombe Sita Ndani ya Ganda la Karanga

Jumatatu, 1 Julai 2024
Leo nimeapa kilabuni mbele ya watu, kwa hiyo haifutiki. Mimi na Maganga tumezaliwa mwaka mmoja, ule wa nzige, na hakuna aliyeandika nani alitangulia. Miaka sabini na kitu sasa, hakuna aliyemwamkia mwenzake. Tumekubaliana: Jumapili, Sabasaba, kwenye mbina, mashindano ya ngoma, hapa Kolandoto, atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo kila asubuhi na jioni mpaka mavuno mengine. Mbele ya wajukuu. Bora nizikwe.

Mbina haina majaji. Ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, kundi la Wagalu huku, la Wagika kule, na jua likipoa mshindi ni mwenye watu wengi. Mimi ni fundi wa vioja wa Wagalu. Maganga ni wa Wagika. Nasikia anashona fisi wa magunia, mkubwa kama trekta, anafuka moshi mdomoni. Kazi ya kishamba. Kitu kikubwa hata mchwa anajenga.

Jumanne, 2 Julai
Mpango huu hapa. Ng'ombe sita, plau na mkulima wake, wote kwa njiti za kiberiti, wote ndani ya ganda moja la karanga. Watu watamwacha fisi na moshi wake, waje kwangu washangae.

Limi, binti yangu mwalimu wa Kahama, kaniambia kwenye simu kwamba Waingereza wana neno lao kwa ufundi mdogo namna hii. Neno adimu, hata wao wengi hawalijui. Nikamwambia alitume. Limefika. Ni refu kuliko ng'ombe wangu wote wakipangwa mstari. Watu wa ajabu.

Nimemaliza ng'ombe wawili kwa wembe na sindano ya mke wangu Serafina. Ya sindano hajui.

Jumatano, 3 Julai
Ya sindano amejua.

Halafu nimenusa ugoro, nikapiga chafya, ng'ombe wa tatu akaruka na kuku akammeza. Serafina amesema kuku huyo sasa ndiye tajiri wa ukoo wetu, ana mfugo tumboni. Nimeapa tena: ugoro basi, mpaka Jumapili jioni.

Ijumaa, 5 Julai
Wamekamilika. Nimempelekea Kalisti, kiongozi wa ngoma yetu. Kachungulia ganda, kaniuliza karanga yenyewe nimeshakula? Macho yake hafifu.

Ikabidi nipande basi mpaka Kahama kuazima lenzi ya Donatus, mnunuzi wa dhahabu, ile anayokagulia punje. Kachungulia, kafuta lenzi, kachungulia tena. Kisha kasema ameona mkia wa yule wa nyuma unatikisika. Nimeshinda tayari.

Kurudi, nakutana na Maganga stendi. Kaniuliza, “Bhebhe, wewe, ng'ombe wako wanalimia wapi, kwenye ukucha?” Nikamshauri aanze mazoezi ya kuinamisha kichwa.

Jumapili, 7 Julai
Kasoro ndogo niliiona saa nane mchana. Fisi wa Maganga anaonwa na watu elfu kwa wakati mmoja. Ng'ombe wangu wanaonwa na mtu mmoja mmoja, tena kwa jicho moja. Saa tisa nilikuwa na watu kumi na wawili kwenye foleni, wanne wakiwa wajukuu zangu. Kule fisi anafuka, vigelegele havikatiki. Kalisti alinitazama kama anayenipimia jeneza.

Nikanusa ugoro. Kidogo tu, wa kutia moyo.

Chafya. Ganda tupu.

Nikapiga magoti, nikawaambia mtu asisogeze mguu. Wale kumi na wawili nao wakapiga magoti, wakaanza kupekua vumbi kwa ncha za vidole. Mimi natambaa mbele yao, lenzi ya Donatus jichoni.

Sasa, huku kwetu watu wakionekana wameinama wanapekua udongo, tena na mzee mwenye lenzi, hakuna anayeuliza maswali. Mmoja wa Wagika akatamka neno moja la machimboni: rashi. Basi. Uwanja mzima ukahamia kwangu, kama Geita siku dhahabu inapoibuka. Wachezaji walikuwa na majembe yao ya kuchezea mkononi. Wakaacha kucheza, wakachimba. Hata wale wanne waliokuwa miguu ya fisi walikuja, fisi akabaki chini kama gunia la pumba. Jua lilipopoa Maganga alikuwa na mkewe tu, na mkewe alikuwa anatafuta wa kumwazima jembe.

Jumatatu, 8 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi, Maganga mlangoni. Kakohoa. Kasema shikamoo, ndogo kama ng'ombe wangu. Nikamwambia sijasikia. Akairudia. “Marahaba, mwanangu.” Tamu kuliko asali ya miombo.

Saa mbili akaja mwenyekiti wa kijiji. Kasema uwanja ni wa mpira, una mashimo arobaini, na aliyeshinda ndiye atakayeyafukia. Nikamweleza kwamba pale hapana hata punje, zilikuwa njiti za kiberiti tu. Tukawacheka sana watu wale. Akili hawana.

Jioni. Nimefukia mashimo sita. La saba bado. Udongo wake umebadilika, mwekundu, na una kitu kinametameta pembeni. Nimeshuka kuhakikisha. Sasa limenifika kiunoni.

Maganga amepita, akauliza mbona shimo ninalofukia linazidi kwenda chini. Nikamwambia anyamaze, akalete jembe, na asimwambie mtu. Amerudi mbio na kuruka ndani.

Tumechimba mpaka jua limezama. Shikamoo ya jioni hakunipa, nami sikukumbuka kuidai.