Ombi la Kuondolewa Katika Springi za Bwana Gicheru

Kwa mkono wa duka la Mama Kahiga,
Majengo, Nyeri.
29 Novemba 1972.

Kwa Katibu wa Mashindano,
Chama cha Madereva wa Mlimani,
Nyeri.

Ndugu Katibu Theuri,

KUH: MTU KUTUMIWA KAMA SPRINGI

Mimi ni Shee Dawud, mwenyeji wa Kipini, kule Mto Tana unakoingia baharini. Ni kibarua katika gereji ya Bwana Gicheru, nyuma ya msikiti wa Majengo, na kazi yangu ni matairi. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hivyo ukikuta neno limekaa vibaya lisogeze tu, usilitupe. Huu ni mwaka wa pili sijafika kwetu. Binti yangu Saumu anaolewa Ijumaa, tarehe nane Disemba, na mimi baba yake sina ruhusa ya kwenda, kwa sababu gari la Bwana Gicheru, lile Cortina la kijani namba kumi na saba unalolijua, haliendi sawa nisipokuwa ndani yake.

Sitii chumvi. Nimekuwa sehemu ya springi, na ninaomba chama chako kinitoe kabla ya mashindano ya Jamhuri. Sababu zangu nimezipa nambari ili uzifuate bila taabu.

1. Bwana Gicheru ana gari moja na anataka liwe mawili. Jumatatu hadi Jumamosi libebe mchele kutoka Wang'uru na kabeji kutoka Karatina. Jumapili lizunguke kule Kiganjo kwenye malisho ya zamani, nusu lami na nusu udongo, na lishinde. Alisoma katika gazeti la magari kwamba gari la mashindano sharti liwe chini na liwe gumu. Basi mwezi wa Juni yeye na fundi Ndungu walikata springi za mbele, na zile za nyuma wakaziongezea chuma kimoja bapa kila upande.

Ili kujua gari limeshuka kiasi gani, walipima kama wanavyopima mafundi wote wa hapa, yaani vidole vinne kati ya tairi na madigadi. Lakini wingu lilikuwa limeshafunga, na ili wawahi mvua wakagawana kazi. Bwana Gicheru alipima upande wa kulia, Ndungu akapima wa kushoto. Sasa, Bwana Gicheru zamani alikuwa karani wa chama cha kahawa, na vidole vyake ni vyembamba kama penseli. Ndungu amefua chuma miaka thelathini, na vidole vyake vinne ni sawa na sita vya mtu mwingine. Kwa hivyo gari likabaki limeinuka kushoto, na dereva akishakaa kulia linazidi kuinuka.

Niliwaambia. Nilikuwa nimelala pale pale chini, nikasema, "Mabwana, vidole vyenu havilingani." Ndungu akanijibu, "Wewe angalia tairi yako. Springi ni ya wale watu wako na akili."

2. Siku ya kulijaribu, kila kona ya kushoto gurudumu la nyuma la kushoto liliruka hewani likazunguka bure, na gari likaenda kando kama kaa. Bwana Gicheru alifanya hivyo mara tatu, akarudi gereji uso umemjaa vumbi. Mimi niliingia kiti cha nyuma kutafuta spana yangu iliyoangukia chini ya kiti. Kabla sijaipata, Bwana Gicheru akaondoka tena bila kutazama nyuma.

Ndugu Katibu, nilipigwa kichwa kwenye paa mara saba, lakini gari lilikwenda sawa kama limechorwa kwa rula. Kona zote lilizipiga kwa magurudumu manne. Lilipofika, Ndungu alinitazama, akalitazama gurudumu, akasema polepole, "Mkubwa, si springi ilikuwa mbaya. Ilikuwa inakosa huyu." Palepale akachukua chokaa akaweka alama kitini, nyuma kushoto, mahali makalio yangu yalipokuwa.

Mtu mwenye akili timamu angerudi akapima tena kwa mkono mmoja. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Lakini Jumapili ile tulishika nafasi ya pili, na tangu hapo Bwana Gicheru hataki mtu aguse springi. Husema, "Gari imekubali. Wacha ikae."

3. Kwa kuwa springi zimepimwa kwa uzito wangu, uzito wangu umekuwa mali ya gereji. Kila Jumamosi napelekwa kwenye mizani ya kahawa, napimwa katikati ya wakulima na magunia yao, na lazima nifike ratili mia na hamsini. Nikizidi, sipewi chakula cha jioni. Nikipungua, nasimamiwa nile githeri sahani mbili. Mama mmoja mwenye kahawa alimwuliza karani wa mizani kama mimi ni daraja la kwanza au la pili.

Mwezi wa Ramadhani nilifunga, kama ilivyo wajibu wangu. Wiki ya tatu nikawa nimepungua ratili sita. Bwana Gicheru hakunikataza kufunga, hilo namshukuru, kwani ni mtu wa kanisa na anaheshimu dini ya mwenzake. Alinijaza mawe ya mtoni mifukoni. Nilikaa katika gari lile la namba kumi na saba, nina kiu, nina njaa, mawe yananigonga mapaja kila shimo, na tulipotoka wa tano Ndungu alisema mbele za watu, "Mawe si kama mtu. Mtu hulala kwa kona." Iddi ilipofika, walifurahi kuliko mimi.

Na kulala huko kwenye kona ni kazi ambayo sikuajiriwa. Kona ya kushoto nakwenda kushoto, kona ya kulia nabaki nimenyooka. Nikisinzia tunatoka njiani. Nami husinzia, Ndugu Katibu, kwa sababu ya nambari inayofuata.

4. Matairi. Hapa naandika kama mtu anayejua, kwa maana hii ndiyo kazi yangu.

Tairi huchaguliwa kwa njia, si kwa ndoto. Tairi pana lisilo na meno hushika lami vizuri, lakini udongo mwekundu wa huku ukilowa, tairi hilo huteleza kama sabuni bafuni. Tairi la meno hutembea katika matope bila wasiwasi, lakini kwenye lami hupiga kelele na hulegea kwenye kona. Anayetaka gari la kazi na la mashindano angechagua tairi la katikati, akalegeza springi kidogo, akatia upepo wa kiasi, akashinda kwa kuendesha vizuri. Nilimweleza hivyo Bwana Gicheru. Alilipiga tairi teke, maana ndivyo anavyopima upepo, akasema, "Shee, hiyo ni mashauri ya mtu anataka kupumzika."

Kweli, nilitaka kupumzika. Lakini mashauri yalikuwa mazuri vilevile.

Badala yake tuna matairi ya aina mbili. Jumamosi natoa ya kazi natia ya mashindano, Jumatatu alfajiri natoa ya mashindano natia ya kazi, yote kwa vyuma vya mkono na pampu ya mguu. Kucha mbili za vidole gumba nimezipoteza. Kisha mvua za Oktoba zilipoanza, Bwana Gicheru aligundua kwamba kule Kiganjo, gari likifuata ukingo, magurudumu ya kushoto hupita kwenye matope na ya kulia hupita pagumu. Akaniamuru nitie matairi ya meno kushoto na yasiyo na meno kulia. Nilitia. Jumapili tulikuwa wa tatu. Jumatatu yake tukaitwa mapema kuchukua mchele, hapakuwa na wakati wa kubadilisha, na njia nzima ya Wang'uru gari lilivuta upande mmoja kama ng'ombe aliyeona maji. Tuliingia katika jaruba la mpunga. Wenye shamba walitutoa kwa kamba. Mmoja aliniuliza mimi nilikaa nyuma nikifanya nini.

5. Mwezi uliopita niliomba ruhusa. Nilisema waziwazi kwamba mwanangu anaolewa. Bwana Gicheru akanijibu, "Baada ya Jamhuri enda hata mwezi mzima." Nikamwambia harusi ni tarehe nane na Jamhuri ni tarehe kumi na mbili. Akafikiri sana, nikadhani amelainika, kisha akasema, "Shee, wewe si kibarua tena. Wewe ni spea. Ni spea gani umeona ikienda livu?"

Neno hilo nililichukua nikalala nalo, na asubuhi nikaona lina haki zake. Kama mimi ni spea, mbona sifanyiwi ya spea? Springi hupakwa mafuta kila wiki. Mimi sijapata hata ya nazi tangu nije bara. Gari hufunikwa turubai mvua ikinyesha. Chumba changu kinavuja juu ya kitanda. Shoki, kile chuma cha mafuta kinachozuia springi isirukeruke, kikichoka huletwa kingine kipya kutoka Nairobi. Mimi nimechoka tangu Septemba na hakuna aliyeandika barua ya kuagiza mwingine.

Sasa nimeisoma fomu yenu ya ukaguzi, ile iliyobandikwa ukutani gerejini. Inasema kila kitu kilichoongezwa katika gari lazima kitajwe na kikaguliwe. Bwana Gicheru ametaja springi, matairi na taa. Mimi hakunitaja. Kwa miezi mitano amekuwa akishindana na kifaa cha siri cha ratili mia na hamsini. Kwa hivyo chama chako kina njia mbili tu. Unikague, unikatae, nishuke niende zangu Kipini. Au unikubali, na hapo itabidi madereva wote wa mlimani waruhusiwe kutafuta mtu wao kutoka pwani, wampime kwenye mizani ya kahawa, na nadhani kamati yako haitapenda kuona mambo hayo kwenye fomu.

Nambari ya sita ingetakiwa kuwa kuhusu kichwa changu na lile paa, lakini nimekwisha kuligusa. Naiweka ya maana zaidi.

6. Katika ndoa yetu sisi Waislamu, baba wa binti ndiye walii wake. Nimemtunza Saumu kwa barua na kwa mkono mfupi, na jambo moja lililobaki ambalo naweza kumfanyia nikiwa nimesimama mbele za watu ni hilo. Siku hiyo kadhi atauliza, "Walii yuko wapi?" Je, mke wangu Mwanaisha ajibu kwamba nimefungwa nyuma kushoto? Nipeleke springi moja iliyofunikwa kanga, ikae mkekani badala yangu, bwana harusi aishike mkono? Ninauliza kwa heshima, kwa sababu kama mtu anaweza kuwa springi huku Nyeri, basi springi nayo iwe mtu kule Kipini.

Naomba jibu kabla ya Jumatano, tarehe sita. Ni siku ya mwisho ninayoweza kuondoka nikafika.

Nisalimie kamati nzima na mkeo na watoto. Nisalimie yule mzee wa bendera anayetupungia hata tukiwa wa mwisho, na wenye ng'ombe wa Kiganjo ambao kila Jumapili tunawaharibia malisho. Wasiotajwa wasione kwamba nimewasahau, ila karatasi imefika chini.

Ni mimi mwenye uchovu na adabu zote,

Shee Dawud,
fundi matairi.

TANBIHI, 6 Disemba. Ndugu Katibu, barua hii ilichelewa kwa sababu bahasha nilimwomba Bi Watiri, ambaye ndiye Mama Kahiga mwenye duka na pia ndiye mke wa Bwana Gicheru. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akavuka barabara nayo mkononi mpaka gerejini, akasema, "Baba Kahiga, uliniambia huyu anataka kwenda kutembea tu. Kumbe ni msichana wake anaolewa? Siku ya Ngendo wetu kuolewa, wewe utakuwa umekaa kwa gari ya nani?"

Bwana Gicheru alifunga nati nne za gurudumu, moja baada ya nyingine. Halafu akasema, "Basi mimi mwenyewe nitampeleka. Tena na gari hii hii. Wanasema mabasi yamekwama kwa matope ya Garsen, na hii iko na meno."

Leo alfajiri tukapakia. Bi Watiri mbele na blanketi la bibi harusi. Nyuma mimi, na Ndungu na spana zake, na katikati yetu gunia la viazi, zawadi kwa Mwanaisha. Gari likashuka. Ndungu akateremka, akapiga magoti, akajaribu kutia vidole kati ya tairi na madigadi, hata kimoja hakikuingia. Akasema, "Lazima mtu mmoja ashuke. Shee, shuka wewe. Si umeandikia serikali ati unataka kutolewa?"

Nilikataa. Nilimwambia kwamba springi hizi zimepimwa kwa uzito wangu, kwamba bila mimi gari haliwezi kupiga kona ya kushoto, na kwamba ushahidi umeandikwa katika nambari ya pili ya barua hii. Bwana Gicheru akaomba barua, akasoma nambari ya pili, akasema, "Ni kweli. Shee ni wa gari. Ndungu, wewe ni abiria." Tulimwacha Ndungu mlangoni pa gereji, amekaa juu ya gunia la viazi, nalo limeshushwa kupunguza uzito, hataki kutuaga.

Kwa hivyo naomba uyafute yote niliyoyaandika huko juu, na kwenye fomu ya namba kumi na saba, chini ya springi, uandike hivi: *Nyuma kushoto, Shee Dawud, asitolewe kwa sababu yoyote.* Uipige mhuri, uitume kwa njia ya haraka, posta ya Malindi. Tumefika Karatina tu, na tayari Bwana Gicheru amesimamisha gari mara mbili akashuka kupima kwa vidole juu ya matairi ya nyuma, na mara zote mbili alipopanda alinitazama mimi.