Bata Bukini wa Kamati

Jumatatu, 1 Oktoba 1951

Chumba kimepatikana! Kiko Nyumba ya Waandishi, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mto, na kina jiko lake peke yake. Gordei Titych aliyekuwa akiishi humo aliondoka wiki iliyopita na mabwana wawili wenye makoti, hakubeba hata kikombe. Hakuna anayeuliza alikokwenda. Wote wanauliza kama dari inavuja.

Katibu wa Umoja wa Waandishi katangaza: chumba atapewa yule ambaye mchezo wake utachaguliwa kwa Sikukuu ya Mapinduzi, tarehe saba mwezi ujao. Hapa mjini Zarechensk hilo ni shindano la watu wawili. Mimi, na mshairi Rodion Glebovich Mukhortov, ambaye Mungu (nisamehewe, historia) imenipangia awe jirani yangu. Tunagawana jiko, choo, na ukuta wa mbao mwembamba. Akipiga chafya, namtakia afya bila kuinuka kitandani.

Lazima nishinde. Kapitolina mke wangu, Kapa, ni mjamzito. Chumba chetu ni kimoja, na mama yake analala nyuma ya kabati. Mtoto akija tutamlaza wapi? Ndani ya kabati?

Jumanne, 2 Oktoba

Mchezo umekamilika. Unaitwa *Tanuri la Pili*. Kiwanda cha matofali. Kijana Stepan anataka kujenga tanuri la pili, msimamizi mvivu anampinga, binti Dusya anampenda. Mwishoni Stepan anaitazama picha ya Kiongozi dakika nzima huku okestra ikipiga. Kapa aliposomewa alilala, lakini ni kwa sababu ya ujauzito.

Sasa ujanja. Kila mwandishi mzoefu anajua kwamba Kamati ya Maonyesho lazima ikate kitu. Isipokata, itaulizwa inalipwa kwa kazi gani. Kwa hiyo unawatupia mfupa: jambo la kipuuzi kabisa, lililo wazi kabisa. Wanalirukia, wanalikata, wanajisikia wamefanya kazi, na mengine yote yanapigwa muhuri.

Mfupa wangu ni bata bukini. Katika tendo la pili, Stepan akiwa anaapa mbele ya tanuri, bata anapita jukwaani kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna sababu. Hata kulia halii. Nimecheka peke yangu mpaka mama mkwe akagonga kabati.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimesoma mbele ya Kamati. Mwenyekiti wake ni Ndugu Serafima Yegorovna Dolbneva, mama mwenye mabega ya mbeba mizigo. Zamani aliongoza idara ya mabafu ya umma, na sanaa anaiendesha vilevile: kila mtu aingie kwa zamu na atoke msafi.

Nilipofika kwa bata, nilitua ili wapate nafasi ya kukasirika. Serafima Yegorovna akavua miwani. Akauliza bata ni wa nani. Nikasema kwa haraka kwamba ni wa shamba la ushirika. Akasema alijua tu. Akasema kwa miaka mingi anasikiliza michezo ya viwanda na hajawahi kuona uhai jukwaani mpaka leo. Wengine wote wakaona uhai papo hapo.

Kisha wakaanza kukata. Kiapo cha Stepan: aapaye alikuwa na shaka, na shaka imetoka wapi? Kimekatwa. Msimamizi mvivu: wavivu wapo nchini kwetu? Amekatwa. Dusya naye akakatwa, kwa kuwa anampenda Stepan saa za kazi. Bata aongezwe.

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba huenda bata ni kasoro. Serafima Yegorovna akanitazama kwa huruma. “Innokenti Savvich, mwanangu, usijishushe. Hujui ulichokiandika.”

Hilo la mwisho ni kweli.

Jumapili, 7 Oktoba

Jikoni, Mukhortov alikuwa anakaanga samaki wa chumvi kwenye jiko lake la mafuta ya taa. Akaniuliza, macho kwenye kikaango, bata wangu anaendeleaje. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kiko nyuma ya ukuta wa mbao. Nikamwambia bata ni mfano tu. Akasema eti hata yeye anafikiria ndege.

Nimepata dawa. Mfupa wa kwanza ulikuwa laini mno. Nitautia uchungu: bata atamng'ata katibu wa Chama wa kiwanda. Makalioni. Hilo hakuna kamati itakayolimeza. Watamkata bata kwa hasira, na kwa aibu watanirudishia kiapo, msimamizi na Dusya.

Kapa, ambaye hufupisha Innokenti kuwa Kesha, akasema, “Kesha wangu, kwa nini usimtoe bata mwenyewe?” Nikamweleza kwamba ukitoa kitu ambacho Mwenyekiti kakipenda, unampinga Mwenyekiti. Akasema basi kesho atakwenda ofisi ya nyumba, wanaogawa vyumba, kuandikisha mimba yake. Wanawake hawana subira na sanaa.

Jumanne, 9 Oktoba

Wameumeza.

Bata alipomng'ata katibu, mmoja wa wajumbe alicheka. Kisha akasita, mdomo wazi, akitafuta nani mwingine kacheka. Chumba kizima kilimtazama Serafima Yegorovna. Akafikiri. Akacheka. Hapo wakacheka wote, yule wa kwanza kuliko wote, machozi yakimtoka. Sidhani yote yalikuwa ya furaha.

Mwenyekiti akaeleza kwamba huo ni ukosoaji kutoka chini, jambo ambalo Chama kinalidai kila siku. Bata ni sauti ya umma. Tanuri, kwa upande mwingine, limekatwa, kwa kuwa idadi ya matanuri ni siri ya taifa. Stepan akabaki hana kazi. Na mtu asiye na kazi hawezi kuonyeshwa jukwaani, basi naye akaenda.

Mchezo sasa unaitwa *Bata wa Ushirika*. Umechaguliwa kwa Sikukuu! Nimemkumbatia Kapa. Mama mkwe ameshaanza kupima kabati kama litapita mlango wa chumba kipya.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mazoezi yanaendelea. Mwigizaji mkuu wa mji, aliyezoea kucheza wafalme, amedai kuwa bata. Anatembea vizuri.

Habari tamu zaidi: Mukhortov amepeleka mchezo wake wenye bata maji mweupe, mwenye shingo ndefu. Kamati imemwambia huyo ni ndege wa bustani za makabaila, na imemshauri anyamaze kwa muda. Nilimpikia chai. Niliweka sukari. Sikumbuki lini nimefurahi hivi.

Alhamisi, 1 Novemba

Gazeti limefika kutoka Moscow. Ukurasa wa kwanza: baadhi ya waandishi wa mikoani wamemkimbia mtu wa kazi na kujificha nyuma ya wanyama. Hawakututaja. Hawakuhitaji. Mukhortov alinisomea makala nzima kupitia ukutani, taratibu, kwa sauti ya kughani.

Mkutano wa kuujadili mchezo wangu ni Jumamosi. Gordei Titych naye alianza kwa mkutano. Kapa alikuwa ananifungia soksi za sufu na mkate mkavu katika mfuko mdogo, akauweka karibu na mlango. Niliogopa sana nilipouona.

Jumamosi, 3 Novemba

Ukumbi ulijaa. Serafima Yegorovna akafungua kwa kusema kwamba tangu mwanzo bata alimtia mashaka. Wajumbe wakakumbuka kwamba na wao vilevile. Yule aliyecheka kwanza akasema alikuwa anakohoa. Nikaitwa mbele nijikosoe.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kulia. Lakini niliposimama pale nikaona njia! Kama nitathibitisha kwamba mimi mwenyewe sikumtaka bata, nina kosa gani? Basi nikasema kweli yote. Bata ni mfupa. Niliwatupia ili mumkate. Kila mwandishi hutupa mfupa, na kila kamati huukata. Ninyi ndio hamkuukata.

Nikasubiri wanishukuru.

Katibu wa Umoja wa Waandishi alifumba macho. Serafima Yegorovna alikuwa mweupe kama unga, na ndipo nami nikaelewa nilichosema: kwamba Kamati nzima ilitafuna mfupa na kuomba nyongeza. Nikianguka mimi, na wao wanaanguka.

Akainuka polepole. Akasema Ndugu Ryabtsev, yaani mimi, amechoka kwa kazi nyingi. Akasema hakumbuki bata wowote. Akauliza kama kuna mjumbe anayekumbuka bata. Hakuna. Ikapigwa kura kwamba bata hakuwahi kuwepo, na nyaraka zirekebishwe. Wote waliunga mkono. Mimi pia nilinyoosha mkono.

Mchezo utaonyeshwa kama ulivyopitishwa, bila bata.

Nimerudi nyumbani nikaufungua ule mfuko. Nikala mkate.

Jumatano, 7 Novemba

Kama ulivyopitishwa! Tatizo ni kwamba bila bata hakuna kilichobaki ila kile ambacho hakuna aliyethubutu kukikata. Pazia lilifunguka. Picha ya Kiongozi. Okestra dakika moja. Pazia likafungwa.

Watu walikuja na soseji mifukoni, wamejiandaa kwa saa mbili. Walipiga makofi kwa nguvu, kisha wakadhani ni mapumziko. Wakala. Wakasubiri. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti bata yuko wapi, maana mjukuu wake kashona yale manyoya. Majirani zake wakatazama dari. Hakuna aliyetaka kuonekana anaondoka kabla ya mchezo kwisha, kwa hiyo waliondoka wahudumu walipozima taa.

Mjumbe wa mkoa kasema hajawahi kuona kazi isiyo na kosa kiasi hiki. Ila fupi. Ufupi unaonyesha mwandishi hayajui maisha. Ninapelekwa kiwanda cha matofali, miezi sita, kuyajua.

Chumba kapewa Mukhortov. Kwa ukimya wake uliokomaa.

Nililia kidogo. Kapa akanishika kichwa, akasema twende tukalale.

Jumapili, 9 Desemba

Kiwanda cha matofali. Baridi kali. Matanuri ni mawili, ila sitaandika.

Barua ya Kapa imefika. Mukhortov alipohama, chumba chake kilibaki wazi. Kapa alikaa mlangoni mwa ofisi ya nyumba kila asubuhi, na tumbo lake, na mama yake, mpaka maofisa wakachoka kuwaruka. Wametupa chumba hicho. Ukuta wa mbao umeshavunjwa. Mtoto atapata pembe yake yenye dirisha. Mwishoni kaandika, “Kesha wangu, nakuomba, usiandike tena kitu chochote.”

Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona jinsi nilivyopanga vizuri. Bila bata, Mukhortov asingeleta ndege wake. Bila ndege, asingenyamaza. Bila kunyamaza, asingehama. Yote yalitoka kichwani mwangu, na maskini Kapa anadhani ni tumbo lake!

Nimemjibu leo leo kwamba asiwe na wasiwasi. Kamati ya klabu ya kiwanda imeniomba mchezo wa mwaka mpya, na safari hii mfupa wangu hauna kasoro. Ni kalunguyeye, yule mdogo wa miiba. Hakuna kamati duniani itakayompenda kalunguyeye.

Jana niliwasomea tendo la kwanza. Mwenyekiti kauliza kama kalunguyeye ameoa.