Faranga Hamsini za Mama Laurette

Jumanne, 4 Machi 2025

Mama Laurette, tunayesali naye, kaja kwenye meza yangu ya kuuzia simu na kitu ndani ya leso. Alimuuguza bibi mmoja wa Kizungu kule mtaa wa Queensburgh mpaka mwisho. Watoto wa marehemu wamempa sarafu iwe ukumbusho. "Ciza, mwanangu, hii iko pesa ya wapi?"

Kichwa cha mfalme. Mwaka 1904. Daler 10, faranga 50. Nzito! Manjano tupu! Moyo ukaruka, mdomo ukasema: shaba. Nikamwambia faranga hamsini hata Bujumbura hainunui pipi. Nikajitolea kuichukua, nimpe simu yenye kioo kilichopasuka. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Mimi ni kichwa!

Jumatano, 5 Machi

Chatsworth, kwa Bwana Moonsamy, muuza sarafu za kale. Kaitazama kwa lenzi, kisha kaniagizia chai. Chai!

Akaeleza kwamba Denmark ilikuwa na visiwa kule Karibi. Mwaka 1904 ikavipa pesa mpya: daler moja ni faranga tano. Za dhahabu za daler kumi zilitengenezwa chache sana. Mwaka 1917 visiwa vikauzwa kwa Marekani, na baadaye pesa yenyewe ikafa. Nikauliza thamani. Akasema gari. Tena si bovu.

Lakini hanunui mpaka aliyenipa aje athibitishe. Eish.

Jumapili, 9 Machi

Mama Laurette kasimama kutoa ushuhuda. Mungu kampa simu kupitia kwa Ciza; sasa anauona uso wa mjukuu wake aliye Uvira. Kanisa zima likanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Nilikuwa natazama viatu.

Baada ya ibada nikamwomba anisindikize Chatsworth kesho, aseme tu kwamba tulibadilishana. Hakuuliza kwa nini. Heri angeuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Akasema vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Bwana Moonsamy akamuuliza kama anajua alichotoa. "Shaba," akajibu. "Ciza anajua mambo ya pesa."

Bwana Moonsamy akanitazama. Kisha akamweleza yote.

Mama Laurette hakupiga kelele. "Ulijua?"

Nikasema nilitaka kumfanyia surprise. Hata kiti nilichokalia hakikuamini.

Akatoa simu mkobani, akaifuta kioo kwa kitenge chake, akaiweka mbele yangu. Akaifunga sarafu kwenye leso. Nilidhani ataondoka peke yake. Akanyoosha mkono: "Nishike tuvuke, mwanangu. Magari ya hapa hayaheshimu robot, taa nyekundu ni bure tu."

Nikamshika. Kwenye taxi akanilipia nauli. Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Laurette kaiuza. Anamleta mjukuu na mama yake kutoka Uvira. Hajamsimulia mtu kanisani habari zangu. Ananisalimia kama zamani, na kila mara masikio yananiwaka moto.

Leo asubuhi nimepiga magoti: sitagusa tena sarafu ya mtu.

Mchana Immaculée wa saluni kaja na saa ya ukutani ya marehemu babu yake. Mbao nyeusi, maandishi ya Kijerumani, kengele tamu ajabu. Anauliza kama ina thamani yoyote.

Nimemwambia imeliwa na mchwa. Nimejitolea kumsaidia kuitupa.

Kiapo kilihusu sarafu. Saa sikuitaja.