Uyoga Kwanza, Joka Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Kinyozi mkongwe wa kiti cha kwanza amestaafu. Ameacha kiti cha mlangoni, kioo kikubwa na mwanga wa dirisha. Mteja akiingia, hicho ndicho anachokutana nacho kwanza. Mimi niko kiti cha tatu, jirani na ndoo na ufagio. Wateja wangu ni wale waliochoka kusubiri.

Tunaokitaka ni wawili: mimi, na Wembe wa kiti cha pili. Wembe ana mkono mwepesi, sikatai, lakini hana haiba. Tumebishana hadi mteja mmoja akatoka upande mmoja wa kichwa haujaguswa. Bosi akachoka. Akasema kwa kuwa kutwa tunampigia kelele za gemu letu la Milki ya Majivu, basi gemu litaamua. Jumamosi kila mtu alete mashine yake ya gemu, iunganishwe kwenye televisheni ya duka. Atakayekuwa amemaliza habari ya joka, kiti ni chake. Na maneno yaishe.

Nilikaribia kumwonea Wembe huruma. Mimi naishi Milki ya Majivu tangu mwaka juzi! Ni gemu lenye adabu zake: mlima ukiuona kwa mbali, unaweza kwenda kuupanda, na hakuna wa kukuharakisha. Nina nyumba kando ya ziwa. Nina farasi, jina lake Subira. Shujaa wangu ana ndevu nilizomchonga kwa ustadi wa kazi yangu mwenyewe. Sebule yangu imejaa vijiko vya fedha, vyote nimeviokota nyumbani kwa watu. Mezani kuna yai kubwa la kijani nililolikuta pangoni, nimeliweka kama pambo. Joka sijalifikia, lakini ni kwa sababu sina pupa. Mwenda pole hajikwai.

Jumanne, 4 Machi

Leo ni joka tu. Nimejiapiza.

Nikatoka lango la kaskazini. Kushoto, uyoga wa bluu! Uyoga wa bluu ukichemshwa ni dawa ya moto, na joka linatema moto, kwa hiyo kuchuma uyoga nako ni vita. Nikachuma. Pembeni yake, mwingine. Mara ramani ikanionyesha alama ya kuuliza nyuma ya kilima. Mtu mwenye damu mwilini ataachaje alama ya kuuliza nyuma ya kilima? Nikaenda. Mjane kapoteza mbuzi. Nikampata mbuzi, na jirani wa mjane naye kapoteza mbuzi. Hapa nawalaumu waliotengeneza gemu. Nchi kubwa vile, milima, maziwa, magofu, na shida ya watu wote ni mbuzi!

Kisha kioo kikaandika kwamba nimezidiwa na mzigo. Kukimbia siwezi. Subira hanibebi. Mashoka na ngao nabeba bila neno, halafu nashindwa na uyoga mmoja! Nani alipanga hesabu hiyo? Nikarudi kwa miguu, mwendo wa kobe, alasiri nzima.

Mama mkwe amefika katikati ya safari hiyo. Kaja kukaa na binti yake wiki moja. Ni fundi cherehani, maneno machache, macho makali. Nilisimama nikamwamkia kwa heshima zote, nikaketi tena. Akakaa nyuma yangu, akatazama. Nilikuwa napita kwa mlinzi wa daraja, yule anayelia tangu mwanzo wa gemu. Mama akauliza huyu analia nini. Nikamweleza: joka limemchukua binti yake, nami nimemwahidi nitamrudisha. Akauliza nimemwahidi lini. Nikasema mwaka juzi.

Akauliza na huo mzigo mgongoni ni wa nini. Nikasema uyoga. Akafyonza. Simlaumu, gemu halijui.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni nywele, na mimi nashinda kwenye nywele. Leo nimemtega Wembe.

Asubuhi alikuwa analalamika kwamba panga zake zinavunjika kama vijiti, na kwamba kadiri anavyopata nguvu ndivyo na maadui wanavyoongezewa nguvu, sasa faida ya kujifunza iko wapi? Wateja wakaunga mkono. Mwenye duka la viatu akasema yeye kinachomuudhi ni wanakijiji wanaorudia sentensi moja kila ukipita. Ila akasema jua likichwea kwenye ziwa lile, huwa anasimamisha farasi na kutazama tu, na mke wake akimwita haitikii. Kweli lile ziwa ni zuri.

Nikatumia nafasi hiyo. Nikamnong'oneza Wembe kwamba chini kabisa ya ziwa la kaskazini kuna kitu, nimeambiwa na anayejua. Hakuna kitu! Nimebuni mwenyewe, hapo hapo, huku nakung'uta taulo. Atapiga mbizi mpaka Jumamosi. Nimejipongeza kwa chapati mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Wembe kanikumbatia mbele ya wateja. Chini ya ziwa kakuta deraya, vazi la vita lisiloshika moto. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema katika maisha yake ya kazi hajawahi kupata mwenzake mwenye roho safi kama mimi. Bosi akanisifu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Chakula cha mchana nikakimbilia nyumbani nikapige mbizi na mimi. Huenda kuna deraya ya pili. Sikuamini nilichokiona. Sebule yangu tupu! Si ya nyumbani, ya gemu. Vijiko hakuna. Mashoka hakuna. Magunia ya uyoga hakuna. Kimebaki kitu kimoja tu mezani, lile yai.

Mke wangu akanieleza bila hata kupunguza moto wa sufuria. Mama aliomba afundishwe kutumia pedi ya kuchezea gemu. Akafundishwa. Kwa kuwa miaka yote vidole vyake vinafukuzana na sindano ya cherehani, akaizoea haraka. Jambo la kwanza alilofanya ni usafi. Amesema mtu haendi kumtafuta mtoto wa mwenzake huku kabeba vyombo vya jikoni.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia kwa sauti nyembamba, "Asante Mama, umenisaidia sana." Akaniambia nisijali, baba, yai hakulitupa kwa sababu yai ni la mtu, lazima lina mwenyewe. Nikatoka nje, nikauzunguka ukuta, nikaliambia karai la maji yote niliyotaka kusema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na wazo la kishujaa. Kwa nini nipigane na mtu anayepiga hatua? Akili ya kamanda ni kukaa nyuma. Nikamwambia Mama kwamba leo nina wateja wengi, mashine iko hapa, ajisikie huru kabisa. Akanitazama kama anayepima suruali ya mtu asiyelipa. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Kazini Wembe kasema analiona joka kwa macho. Nikamwambia kila la heri. Alidhani ni upole!

Nikarudi jioni. Mke wangu mlangoni, uso unang'aa: mtoto amerudi kwa baba yake, na joka limekwenda zake. Nilirukaruka! Kisha nikasimama. Limekwenda zake? Halijafa? Halijafa. Na Mama ameshahifadhi, hakuna kurudi nyuma.

Jasho likanitoka kidogo. Lakini Bosi alisema kumaliza habari ya joka, hakusema kuua. Habari imekwisha! Mke wangu akauliza kama nataka kuona ilivyokuwa, maana alishazikunja nyaya na kuitia mashine kwenye begi. Nikamjibu kwamba bingwa hatazami nyuma. Nikaenda kwenye kioo cha chumbani kufanya mazoezi ya hotuba. Hotuba nzuri sana. Ina sehemu ya Bosi, sehemu ya wateja, na sehemu ya kumsamehe Wembe.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote, maana historia inahitaji mashahidi.

Duka lilifurika. Waliokuja kunyoa na waliokuja kutazama. Wembe akatangulia. Joka lake limelala kifudifudi, mkuki shingoni. Makofi! Lakini kijiji nyuma yake ni jivu tupu, na mlinzi wa daraja amekaa peke yake kwenye jiwe. Mtu akauliza binti yuko wapi. Wembe akainamisha kichwa. Alipofika moto ulishatangulia. Akasema tangu jana chakula hakipiti.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikatoa hotuba, sehemu zote tatu. Nikasema wengine wanaua, sisi wakubwa tunaokoa. Bosi akaniuliza ninawezaje kumwokoa mtoto bila kulipiga joka. Nikamwambia nililikazia macho, nikaunguruma, likaogopa. Watu wakaguna kwa heshima. Nikaingiza mkono kwenye begi kutoa pedi. Hakuna pedi. Nimeisahau nyumbani!

Nikawa nasoma hotuba upya, polepole, ndipo mlango ukafunguka. Mama mkwe, na pedi mkononi. Akasema nimeiacha juu ya meza. Nikamshukuru, nikamwomba aende nyumbani apumzike, jua ni kali. Akasema hana haraka, akakaa benchi la wateja.

Nikawasha.

Kwenye televisheni hakuna mwanaume mwenye ndevu. Hakuna! Amesimama mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, hana hata kisu. Ana macho makali. Macho ninayoyajua. Mama kumbe alipita kwa kinyozi wa kijijini ndani ya gemu na kumbadili shujaa wangu kuanzia unywele mpaka kisigino. Alieleza baadaye kwamba hawezi kwenda kuomba mtoto wa watu akiwa na sura ya jambazi.

Duka zima likamtazama yeye, likatazama televisheni, likanitazama mimi. Nikasema ni mtindo mpya. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mlinzi wa daraja alikuwa anakuja mbio na binti yake mkononi. Akapiga magoti. Akasema, "Mama, wengi waliniahidi. Wewe ndiye uliyekuja."

Mwenye duka la viatu akapenga kamasi. Mimi mwenyewe jicho liliniwasha. Nywele zilizokatwa zinaruka sana pale dukani.

Bosi, kwa sauti ya mtu aliyeingia hekaluni, akamuuliza Mama alifanyaje. Mama akasema halikuwa jambo gumu. Alipofika, kioo kikampa ruhusa ya kupiga, kukimbia au kuzungumza, naye akazungumza. (Wote tunajua kuzungumza ni pambo tu, hakuna anayebonyeza pale!) Joka likasema linamshikilia mtoto wa watu kwa sababu watu wameshika la kwake. Mama akafungua kikapu, akalipa yai.

Yai! Nikaruka juu. Yai ni langu! Bila mimi kuliokota, joka lingerudishiwa nini? Nikawaeleza kwamba ushindi ule nimeuandaa tangu mwaka juzi. Wembe akauliza taratibu, kwa hiyo lile yai lilikuwa mezani kwangu muda wote huo mlinzi akilia? Nikasema, ndiyo, salama kabisa.

Bosi akafuta kiti cha kwanza kwa taulo safi, akamkalisha Mama. Akasema kiti ni chake, aseme yeye nani akifanyie kazi. Nikashusha pumzi. Damu nzito kuliko maji! Nikamfanyia Mama jicho la kifamilia.

Mama akasema, "Mpe huyu kijana. Yeye alichelewa, lakini njia aliyoishika ilikuwa ya kwenda. Mkwe wangu nampenda, ila mtu akimpa kichwa chake anyoe, ataanza na ukucha."

Walicheka mpaka mteja wa kiti cha pili akaomba mashine ya kunyolea izimwe kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri vizuri na naona nimeshinda. Wembe akihamia kiti cha kwanza, mimi nasogea cha pili. Cha pili kina feni! Nilichokikosa kwa mwanga wa mlangoni kitanijia kwa upepo. Zaidi ya hayo, mji mzima unajua kwamba joka limetulizwa na familia yangu, kwa yai langu, kwenye mashine yangu. Mke wangu anasema hivyo sivyo watu wanavyosimulia. Watu husimulia vibaya.

Jambo moja tu limenisumbua tangu jana. Ile sauti. Wewe ndiye uliyekuja. Katika miaka yote ya Milki ya Majivu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nimeambiwa nimezidiwa na mzigo.

Kwa hiyo leo, Mama akiwa amekwenda sokoni, nimeanza gemu upya. Mwanzo kabisa. Shujaa mpya, ndevu mpya, Subira mpya. Mlinzi wa daraja akalia, akaniomba. Safari hii sikubonyeza kuruka maneno, nimemsikiliza mpaka mwisho. Nikamwahidi, na nilisema kwa mdomo wangu pia, kwa sauti, pale sebuleni. Ahadi ni deni. Mbuzi siwatafuti. Alama za kuuliza sizioni. Pango la yai nalijua, la joka nalijua, ni kunyoosha tu.

Nikatoka lango la kaskazini, kifua mbele. Nikapita mti wa kwanza. Nikapita wa pili. Subira anakwenda vizuri, upepo uko nyuma yangu, ziwa linameremeta. Nilijivunia sana nafsi yangu.

Kushoto, chini ya mti wa tatu, uyoga. Si wa bluu. Mwekundu! Mwekundu sijawahi kuuona tangu mwaka juzi.

Nimeshuka kwenye farasi mara moja tu. Mlinzi wa daraja amezoea kusubiri.