Sahihi ya Marehemu

Gazeti la siku ile lilifika kijiweni likiwa kwapani mwa Wakili, naye hakungoja hata kuketi ndipo alikunjue. Huyu Wakili ni fundi viatu. Jina alilipata kwa sababu kibanda chake kimeegemea ukuta wa mahakama, na mwenyewe anaamini kwamba sheria hupenya ukutani kama unyevu.

"Sikilizeni. 'Siri ya mgonjwa italindwa hata baada ya kifo.' Mnaona mambo hayo? Sasa hata ukifa unafichwa."

"Kwani kuzikwa ni nini kama si kufichwa?" akauliza Mama Kahawa, huku akisuuza vikombe.

Benchi zima likacheka, isipokuwa Fundi Cherehani. Alikuwa ameketi ukingoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, bahasha ya kaki mapajani.

"Nyinyi chekeni tu. Mimi nimetoka hospitali sasa hivi, kuomba faili la baba."

"Baba si huu mwaka wa sita tangu tumzike?"

"Ndiyo. Lakini daktari wangu anasema moyo wangu unaruka mapigo. Kaniuliza, baba yako alikufa kwa ugonjwa gani? Nikamwambia, aliumwa. Akasema, aliumwa nini? Nikamwambia, aliumwa, daktari, mpaka akafa. Akanitazama kama mteja aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja."

Wakacheka tena, na safari hii hata yeye alicheka kidogo. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Wiki nzima, akiwa anapiga pindo, mguu ulikuwa unasimama wenyewe kwenye kanyagio la cherehani, akabaki anausikiliza moyo wake.

"Anasema kama ni ule wa kurithi, dawa yake ni nyingine, na wanangu wote watatu wapimwe. Sasa mimi nibahatishe?"

"Na hilo faili wamekupa?" akauliza Wakili.

"Wamenipa fomu."

Akaitoa. Ilikuwa fomu ya watu wazima wanaopumua, maana ya wafu hawakuwa nayo. Karani alikuwa ameifanyia ukarabati: kila palipoandikwa 'mgonjwa' alipiga mstari kwa kalamu, akaandika juu yake 'marehemu'. Kwa hiyo pale chini kabisa pakasomeka: Sahihi ya marehemu.

Wakili akavaa miwani yake yenye mkono mmoja. "Hii kisheria imenyooka."

"Imenyooka wapi?"

"Siri ni yake. Lazima akubali mwenyewe."

"Mwenyewe yuko kaburini, Wakili."

"Kwa hiyo hajakataa. Hiyo ni hatua."

"Mfuate kulekule," akasema Mama Kahawa. "Huenda foleni ya huko ni fupi kuliko ya lile dirisha lao."

Mtu aliyetarajiwa kupaza sauti wakati huo ni Chuma, baba mdogo wa Fundi, anayemfuata marehemu ziwa moja. Jina la Chuma alijipa mwenyewe, kwa majigambo kwamba hospitali hajaikanyaga miaka nenda miaka rudi. Kikohozi kikimpata anachemsha mizizi, na jino likimuuma analing'oa kwa koleo. Leo alikuwa ameinamia kikombe.

"Baba mdogo, mbona kimya?"

"Kahawa ya moto hii."

"Hicho kikombe kitupu tangu saa nne," akasema Mama Kahawa.

Fundi akaendelea. "Tena hilo la sahihi ndilo jepesi. Karani kalitafuta jina la baba kwenye kompyuta, halipo. Anasema mtu huyo hajawahi kutibiwa pale. Nikamwambia, mimi nilikaa kwenye benchi la wodi yenu siku nne, mgongo wangu ni shahidi. Akasema mgongo si kielelezo."

Chuma akaweka kikombe chini, polepole. "Jina la kaka halimo."

"Umejuaje?"

"Limo langu."

Mama Kahawa akaacha kusuuza.

"Kaka hakuwa na kadi ya bima," akasema Chuma. "Mimi nilikuwa nayo. Siku ile kifua kilipombana akaniambia, mdogo wangu, niazime jina lako siku mbili tatu, nikipona nakurudishia. Tunafanana, na picha ya kadi ilishafifia. Siku ya nne akaondoka nalo."

"Na kibali cha mazishi?" akauliza Wakili.

"Kiliandikwa mimi. Nikakitia mfukoni. Siku ya msiba nani ana macho ya kusoma karatasi?"

"Kumbe wewe si chuma," akasema Mama Kahawa. "Wewe ni hayati."

"Nilikwenda mara moja tu baada ya hapo, kwa ajili ya jino. Yule binti wa mapokezi akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akaniambia poleni kwa msiba. Nikatoka mbio. Ndipo nilipoanza mizizi."

Fundi alikuwa amekasirika, na papo hapo kicheko kilikuwa kinampanda. "Miaka sita, baba mdogo. Ungeniambia."

"Niliona haya, mwanangu. Nilidhani nimeficha aibu yangu peke yangu. Sikujua kama na moyo wako umo humo ndani."

Wakili akavua miwani.

"Hebu subirini. Kwa mujibu wa hospitali, marehemu ni nani?"

Wote wakamgeukia Chuma.

"Na fomu inataka sahihi ya nani?"

Fundi alikuwa ameshatoa kalamu.

"Wakinikamata je, kwa mambo ya kadi?" akauliza Chuma.

"Wamkamate nani? Mshtakiwa akifa, kesi inafutwa. Hiyo nimeisikia kwa sikio langu hili, ukutani."

Chuma akaiegemeza fomu kwenye goti, akaweka sahihi. Wakili akaupuliza wino ukauke, akasifu kwamba kwa mtu aliyefariki zamani vile, mwandiko haukuwa mbaya.

Dirisha la hospitali lilikuwa linafungwa saa tisa, kwa hiyo wakainuka upesi, Fundi na baba yake mdogo, bahasha katikati yao. Hatua chache mbele Chuma akamshika Fundi mkono.

"Mwanangu, ukishalisoma hilo faili, na mimi uniambie. Nijue nilikufa na nini."