Jemadari Asikanyage Chini

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna mnyama aliyewahi kunizidi akili. Hata mmoja. Bata hahesabiki. Yule alinifukuza mbele ya wakwe zangu mpaka nikapanda juu ya gari, lakini alikuwa na matatizo yake binafsi. Na paka wangu wa mwisho alihamia kwa jirani mchana kweupe, tena alipita mbele yangu bila kuaga. Basi tuseme wanyama wachache.

Leo binti yangu kaleta mtoto wa mbwa. Hakuniuliza. Ni fundi umeme, kazoea kutoboa kuta za watu. Anasema, baba, huwezi kukaa kutwa unagombana na redio. Kijibwa mwenyewe ana ukubwa wa kandambili. Nimempa jina Jemadari, angalau jina limtangulie.

Kumbe ana masharti. Daktari wa mifugo, msichana mwenye glavu na sauti ya hakimu, kaja hapa nyumbani. Kamdunga chanjo ya kwanza, kamnywesha dawa ya minyoo, kisha kanitazama kana kwamba ni zamu yangu. Chanjo bado mbili. Mpaka zikamilike, Jemadari asikanyage chini nje ya geti, maana kuna ugonjwa wa matumbo unaoua watoto wa mbwa, na vijidudu vyake vinakaa ardhini miezi na miezi. Asipewe mifupa. Asipewe maziwa ya ng'ombe. Nikamwambia nilianza kufuga mbwa kabla mama yake hajazaliwa. Akauliza waliishi muda gani.

Swali la ufidhuli. Nikamfungulia geti.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni dereva mstaafu wa lori. Tunamwita Breki kwa sababu hana; akianza kusema hasimami. Sasa nasikia na yeye kachukua mtoto wa mbwa, ndugu wa Jemadari, tumbo moja. Kamwita Tingatinga. Chanjo hataki kuisikia. Anasema huo ni ulaji wa madaktari, mbwa wake atachanjwa na jua.

Leo kamleta kinyozini, kwenye benchi letu la wazee. Kila mtu kambeba. Kila mtu kamsifu miguu. Nikasema, na mimi ninaye. Yuko wapi? Nikasema yuko ndani kwa amri ya daktari. Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine, mteja kanyolewa nusu. Breki akasema wengine wana mbwa, wengine wana habari za mbwa.

Nimerudi nyumbani nimefura. Chai sikuimaliza. Jemadari kanitafuna kamba ya kiatu, nikamwacha, maana angalau yeye anafanya kazi.

Jumatano, 5 Machi

Niliacha shule darasa la tano na mwalimu alishukuru. Lakini kusikiliza najua. Daktari alisema asikanyage chini. Kubebwa hakukutaja. Kikapu hakukitaja. Ningeweza kumpigia simu nimuulize, ila mtu akiuliza hukatazwa, na mimi sikutaka kukatazwa.

Marehemu mke wangu aliacha kikapu kizuri cha nyuzi za kufumia. Nimekitoa uvunguni na kukipangusa. Jemadari kaenea, na nafasi ya medali imebaki.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi. Binti kaondoka na nyaya zake, mimi nikaondoka na kikapu changu. Nikaingia kinyozini taratibu, kama mtu aliyebeba keki ya arusi. Benchi zima likasimama. Jemadari akapita paja kwa paja, na kila paja lilikuwa juu ya ardhi, nilihakikisha. Kisha akalikojolea gazeti la Breki, ukurasa wa michezo. Sijafurahi hivyo tangu nistaafu kutengeneza saa.

Breki, kwa wivu, akamchukua Tingatinga na kumtia humo humo kikapuni. Eti ndugu wasalimiane. Tingatinga alikuwa kachafua mkia na kalegea kidogo. Breki akasema ni shibe. Wakalambana pua, wazee wakasema aa, na mimi nikasema aa.

Miguu haikugusa chini. Naandika hapa isije kusemwa vingine.

Jumatatu, 10 Machi

Geti la Breki limefungwa tangu juzi. Hapigi kelele, hapigi mluzi, hanitukani ukutani. Benchini hayupo. Nimewaambia wazee kashindwa, kajificha kwa aibu ya gazeti. Tukamcheka vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Jemadari hajala. Nimemlowekea chakula chake kwa maji ya uvuguvugu, kama daktari alivyoelekeza. Kanusa, kageuka, kalala. Nimemwambia asiniletee maringo. Kanitazama tu.

Tatizo ni kwamba binti akirudi kazini kitu cha kwanza anakagua bakuli. Akiliona limejaa ataanza maswali, na maswali yake hufuata waya mpaka kwenye kasoro. Kumwaga siwezi, kwenye ndoo ya taka angekiona. Nimekila mwenyewe. Ni kama katoni iliyoangukiwa na supu. Binti kaona bakuli jeupe, kampapasa Jemadari kichwa, kasema kijana anakula huyu. Nikasema sana tu, huku nikibeua.

Jumatano, 12 Machi

Nimekula tena. Asubuhi na jioni. Kijibwa katapika povu nyuma ya kochi, nikapangusa. Kisha katapika tena. Ana hasira gani na mimi huyu? Nimemfunika kwa shati langu, akatetemeka ndani yake. Nimejiambia kesho atakuwa sawa. Breki bado kimya, na kimya kile sasa hakinichekeshi.

Alhamisi, 13 Machi

Kaharisha damu. Binti ndiye aliyeona. Alimnyanyua akakimbia naye kliniki, na mimi nyuma, viatu bila soksi.

Daktari akauliza kala nini. Binti akasema anakula vizuri, jana kamaliza bakuli mara mbili. Daktari akakunja uso. Akasema mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa ule wa matumbo hawezi kumaliza bakuli mara mbili, basi huenda kameza sumu au kitu kimemkwama, itabidi wamtazame tumbo kwanza. Akaanza kuita msaidizi. Jemadari alikuwa mezani, kichwa kimelala, jicho moja kwangu.

Nikasema sio yeye aliyekula. Daktari akauliza ni nani. Nikasema ni mimi.

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniudhi zaidi. Basi nikatapika yote: kikapu, mapaja, Tingatinga mwenye mkia mchafu. Nilisema kwa ukali, maana hata wao wangeliweka agizo lao wazi. Daktari hakubishana. Alitoa kipimo, kisha akamtundikia dripu mguuni, mguu wenyewe mwembamba kama njiti ya kiberiti. Akasema ni ule ugonjwa. Akasema siku mbili nilizokula chakula cha mgonjwa zilikuwa siku zake za matibabu.

Binti hakunigombeza. Aliendesha gari mpaka nyumbani, akashuka, akaliosha bakuli mara mbili. Heri angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi

Wananiruhusu kukaa nje ya mlango wa chumba cha wagonjwa. Nanawa mikono kwa dawa inayonuka bwawa la kuogelea, navaa mifuko ya plastiki miguuni. Mzee mzima kama mzigo wa sokoni.

Leo kwenye kiti cha pili nilimkuta Breki. Kumbe Tingatinga aliletwa jana, kachelewa. Breki alikuwa na mkanda wa shingoni mkononi, bila mbwa. Alikuja kuuchukua tu. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu alfajiri: kwamba mbwa wake ndiye aliyemwambukiza wangu, kwamba jua lake limechanja vizuri. Maneno matamu kweli. Nikamtazama, pua inamtiririka na hapangusi. Nimekasirika mno. Miaka yote hii mtu ananipa sababu za kumchukia, leo ananinyang'anya zote kwa mara moja.

Nilimpa leso yangu. Kaichafua yote. Hakusema kitu. Breki.

Ijumaa, 21 Machi

Jemadari karudi. Mbavu zinahesabika, lakini kala mwenyewe, bakuli zima, na akanikoromea nilipolisogelea. Daktari anasema ile chanjo moja ndiyo iliyompa pumzi ya kupigana. Chanjo zilizobaki atazipata akipata nguvu. Mpaka hapo asitoke mlangoni wala getini, na asikaribiane na mbwa mwingine hata kwa kikapu, maana bado anaweza kuutoa ugonjwa kwenye kinyesi chake. Neno kikapu alilitamka akinitazama. Binti kasugua sakafu nzima kwa klorini. Kikapu kakichoma moto, na nyuzi zake.

Breki kaambiwa asilete mtoto mwingine wa mbwa kwa miezi mingi, ua wake haufai. Namsikia upande wa pili anafagia pale pale palipo safi. Jana alimpigia mluzi mbwa ambaye hayupo, kisha akakohoa ili nisijue.

Jumapili, 23 Machi

Nimemsikiliza daktari kwa makini safari hii. Alisema Jemadari asikaribiane na mbwa mwingine. Kwa Breki hakuna mbwa mwingine. Alisema asitoke mlangoni wala getini. Ukuta sio mlango. Nina ndoo mpya yenye mfuniko, nina kamba, na Breki anaweza kumpokea upande wake bila miguu kugusa chini. Nusu saa tu, Breki amshike, Jemadari amkojolee gazeti, arudi. Binti ana kazi ya nyaya kesho mtaa wa mbali. Daktari sijamuuliza.

Kilichobaki ni ngazi, na goti langu haliniamini. Nimempelekea kinyozi ujumbe. Nimemkumbusha siku aliyonikata sikio, damu mpaka kwenye kola, na nikawaambia wateja wake wote kuwa nilijikuna. Sidai shukrani. Naomba tu aje kesho asubuhi anishikie ngazi.