Wimbo wa Kuhamishia Ngazi

Makao ya Waigizaji Wazee,
New Jersey.

Bwana Mtayarishaji,

Kwa heshima zote, nakuomba uuondoe wimbo nilioutunga katika filamu yako kabla haijaonyeshwa ukumbini kwetu Jumamosi. Uliponunua mchezo wetu wa jukwaani ulipewa pia sanduku la makaratasi yake, ukafukua humo wimbo huo, tulioukata zamani kwenye maonyesho ya majaribio kule Boston. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ule haukuwa wimbo, ulikuwa useremala. Bi Lottie Brannigan aliuimba mbele ya pazia ili nyuma yake wanaume wahamishe ngazi ya kasri. Gus, seremala wetu, alipoifungia ngazi magurudumu, ikawa inahama kufumba na kufumbua, wimbo ukakosa kazi, tukaukata. Katika filamu yako hakuna anayehamisha hata kigoda. Unaimbwa wa nini?

2. Umempa auimbe binti wa filamu asiyejua hata uzito wa ngazi. Bi Lottie, ninayekula naye meza moja hapa, bado huniita jina la zamani na hasemi lingine: "Izzy, mimi nilifukuzwa na magurudumu. Huyu kafukuzwa na nani hata apewe wimbo wangu?"

3. Hili ndilo kubwa. Umeuacha ufike ubeti wa mwisho! Boston haukufika kamwe. Kila onyesho Gus alinong'ona, "Tayari, mama, funga domo!" na pazia likafunguka. Nilikuwa nimemwambia Bi Lottie kwamba ubeti huo nitampa siku ngazi itakapochelewa. Haikuchelewa. Wimbo ulipokatwa niliutupa ubeti huo sandukuni kwa hasira, hajauona. Bwana, ubeti ule unamwomba Bi Lottie awe mke wangu.

Daktari amenikataza chumvi, na siri nazo sina tena nguvu ya kuzibeba. Lakini kukataliwa mbele ya makao mazima, tena kabla ya chakula! Ukate ubeti huo, ama uajiri wanaume wanne wapitishe ngazi mbele ya skrini unapoanza.

Wasalimie wapiga picha, washona mavazi, na huyo binti pia, hana kosa.

Ni mimi, mlalamikaji mwenye adabu,
Isidor Lampert

Nyongeza: Nilichelewa kwenda posta, Jumamosi ikapita. Ubeti ulipokwisha Bi Lottie hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma: "Mjinga wewe! Si ungeyang'oa hayo magurudumu?"

Usikate kitu. Tuletee tena filamu Jumamosi ijayo. Anataka kuusikia mara ya pili ndipo anijibu. Fanya haraka, Bwana. Sina Jumamosi nyingi.